Shajara ya mradi: dakika 40 za Marie NDiaye kwa Kiswahili

12 Januari 2025: tunaanza

Kazi yenyewe ni makala ya sauti ya dakika 40, kwa Kiswahili, juu ya maisha na kazi za Marie NDiaye, mwandishi wa riwaya na tamthilia wa Ufaransa. Watakaoisikiliza kwanza ni wenzetu wa kikundi cha kusoma hapa Saint-Denis, nje kidogo ya Paris: Wakongo wa Kivu, Warundi, Wakenya wachache na sisi Watanzania. Baada ya hapo faili litatumwa nyumbani kwa simu, liende litakakokwenda.

Tupo watatu. Mimi naandika na kuhariri. Kaka mmoja wa Bukavu, aliyesoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza, anahakiki. Dada wa Mombasa ndiye msomaji. Huyu hata akikusomea risiti ya duka utakaa kitako umsikilize.

Bajeti ni yuro 150 kutoka mfuko wa kikundi, muda miezi mitatu. (Nimerudi hapa Juni kuongeza mstari: vyote viwili havikutosha.) Shajara naiweka kwa sababu tulimtafuta aliyewahi kufanya kitu cha namna hii kwa Kiswahili tujue alikwama wapi, hatukumpata. Anayetaka kumfanyia mwandishi mwingine apite njia yetu, mashimo tumeyawekea alama.

26 Januari: kusoma

Riwaya tano tumeazima maktaba ya manispaa, bure. Tamthilia mbili tumenunua mitumba: *Papa doit manger* yuro 4.50, *Hilda* yuro 6. Maiki tumeazimwa. La kusimulia hapa ni onyo moja tu: usianze na kitabu chake cha pili, *Comédie classique*. Ni riwaya nzima kwa sentensi moja. Nilikatiza kwenda kupika chai, niliporudi sikujua pa kushikia, ikabidi nianze upya.

9 Februari: rasimu ya kwanza imekwenda na maji

Kurasa tisa. Kichwa kilikuwa "Binti wa Senegal atikisa Ufaransa", na aya ya kwanza ilijaa mibuyu, ngoma na bahari ya Dakar. Kaka akaisoma kimya mpaka mwisho, akaweka karatasi mezani.

"Ndugu yangu, huyu alikaa Senegal miaka mingapi?"

Nikapekua maandishi yangu. Hamna.

Kilichopo ni hiki. Amezaliwa 4 Juni 1967 Pithiviers, mji mdogo wa mkoa wa Loiret, kusini ya Paris. Mama yake ni Mfaransa, mwalimu wa sayansi, mtoto wa wakulima wa Beauce, ile nchi tambarare ya ngano. Baba yake ni Msenegali, alirudi Afrika binti akiwa na umri wa kama mwaka mmoja. Watoto wakalelewa na mama kwenye vitongoji vya Paris. Afrika aliikanyaga akiwa mtu mzima, na mwenyewe amelieleza hili kwenye mahojiano mara nyingi: kwamba hana tamaduni mbili za kuchanganya, ana moja tu, ya Kifaransa, pamoja na jina na rangi ambavyo watu wakiviona humtungia ya pili.

Mtungaji mmojawapo ni mimi. Ile mibuyu niliipanda kwa mkono wangu.

Nimeanza upya, safari hii kwenye geti la shule. Alikuwa akiandika tangu utotoni. Muswada wa riwaya yake ya kwanza, *Quant au riche avenir*, ulimfikia Jérôme Lindon, mkuu wa Éditions de Minuit, wachapishaji wa Samuel Beckett. Inasimuliwa kwamba Lindon alikwenda kumngoja nje ya shule, mkataba mkononi. Kitabu kikatoka 1985, mwandishi ana miaka 17. Basi makala yetu inaanzia hapo: mzee wa vitabu kasimama getini, wanafunzi wanatoka kwa makundi na mabegi yao, naye anaangaza macho kumtafuta mwandishi wake. Kaka alipofika hapo akasema "haya sasa". Kwa kaka hiyo ni medali.

Hasara: wiki mbili.

23 Februari: jina

Bango la A3 limetoka dukani kwa wachapaji limeandikwa "Mary Ndiaye". Kosa ni letu, faili tulilipeleka sisi. Ni Marie, na N na D zote kubwa. Nilijitetea kwamba kaka yake wa kuzaliwa, mwanahistoria Pap Ndiaye, aliyekuwa waziri wa elimu wa Ufaransa 2022 hadi 2023, anaandika kwa d ndogo. Kweli kabisa: baba mmoja, mama mmoja, herufi mbili tofauti. Lakini bango si la Pap. Tumechapisha tena, yuro 22 juu ya zile 22 za kwanza.

Kwenye matamshi tulipata mteremko. Wafaransa wengi hung'ang'ana na hiyo N ya mwanzo, wanaitangulizia sauti ya e ili ipite. Sisi tunayo tayari, "ndi" ya ndizi. Dada aliisoma mara moja, ikapita.

16 Machi: ruhusa, na mlango wa Courbevoie

Hili ndilo kosa kubwa la mradi, nalo ni langu peke yangu. Kwa wiki tatu nilikuwa natafsiri mwanzo wa *Papa doit manger* ili dada na kaka waigize kipande ndani ya makala. Nilifika ukurasa wa kumi na moja. Ndipo kaka akauliza kama nimeomba ruhusa. Sikuwa nimeomba. Hapa Ufaransa haki za mwandishi zinalindwa maisha yake yote na miaka 70 baada ya kufa kwake, na huyu yu hai, anaandika. Kutafsiri kunahitaji ruhusa, kuigiza kunahitaji ruhusa, hata kama wasikilizaji ni thelathini na hakuna kiingilio. Anayefuata njia yetu aombe siku ya kwanza, kabla hajafungua kamusi. Sisi muda ulikuwa umekwisha, tukaamua tusimulie tamthilia kwa maneno yetu, bila kunukuu mstari.

Kurasa zile kumi na moja zimo droo. Hazikupotea bure, maana zilinifundisha pa kusimama. Mchezo unafunguka mlangoni: baba, Mwafrika mweusi, amerudi kwenye fleti ya Courbevoie, ng'ambo ya Seine, baada ya kutoweka miaka kumi. Anayemfungulia ni Mina, binti yake. Baba anajisifu, ana mali, ana ngozi ya kupendeza, mambo yake safi. Mama amekwisha kuwa na mwanamume mwingine, Zelner, mwalimu. Kwa Kifaransa Mina anaweza kusimama pale mlangoni na kumtazama tu. Kwa Kiswahili changu hawezi. Mtoto akimfungulia mtu mzima lazima neno litoke, na neno ni shikamoo. Akiitoa, amemkubali. Asipoitoa, amemtukana mtu ambaye bado hatujajua kama anastahili.

"Kwetu hakuna shikamoo," kaka akasema. "Mtoto wa Bukavu angesema jambo papa, basi."

"Na asiposema?"

"Hapo tungemuita mama yake."

Tulibishana jioni nzima. Mwisho dada, aliyekuwa anakata mchicha, akasema bila kuinua kichwa: "Si mseme tu Mina hakumwamkia?" Maneno yale mawili ya mwisho yamo kwenye makala kama alivyoyasema, na baada yake nimeacha sekunde mbili za kimya.

Jina la mchezo nalo lilitupa zawadi. Nilikuwa na "Baba Anapaswa Kula", Kiswahili cha ofisini. Tukaishia "Baba Lazima Ale". Kwetu kula ni chakula na kula ni hela, na huyu baba, ukizitoa sifa anazojipa, amekuja kwa ajili ya hela. (Mstari mwingine wa Juni: siku ya kusikiliza ukumbi uliangua kicheko kwenye jina tu, kabla hatujasema amefuata nini.)

Kuhusu uzito wa tamthilia hii nilitaka kuweka takwimu na sifa, kaka akanizuia, akataka nieleze mashine inavyofanya kazi. Alikuwa sahihi. Comédie-Française, jumba la maigizo la taifa la Ufaransa ambako mchezo huu ulichezwa, ilianzishwa 1680. Ina orodha yake ya kudumu ya michezo, na tamthilia haiingii humo kwa umaarufu: kuna kamati ya wasomaji inayoisoma na kuipigia kura, kisha ichezwe. *Papa doit manger* iliingia 2003 chini ya mwongozaji André Engel, na aliyecheza Baba ni Bakary Sangaré, mzaliwa wa Mali. Wakati ule NDiaye alikuwa mwanamke pekee aliye hai mwenye tamthilia kwenye orodha hiyo. Miaka zaidi ya mia tatu, na walio hai ni mmoja. Dada alitaka kuisoma sentensi hiyo kwa mshangao. Tukamwomba aisome kama anataja bei ya sukari.

30 Machi: Hilda anaitwaje?

*Hilda* ni ya 1999. Bibi mmoja tajiri, Madame Lemarchand, anataka mwanamke wa kumfanyia kazi za nyumbani na kumwangalizia watoto. Anamtaka Hilda hasa, kwa kuwa amelipenda jina. Maongezi karibu yote anayafanya na mume wa Hilda, Franck, fundi wa vibarua. Hilda mwenyewe hatokei jukwaani hata mara moja. Anajadiliwa, anapangiwa, anapungua, na mtazamaji hajapata kumwona.

Swali lililotukwamisha: Madame anatafuta nani? Tuliandika maneno kwenye karatasi. "Mjakazi" lina harufu ya utumwa, na Madame angeruka futi mia, maana anajiona mtu wa mrengo wa kushoto, rafiki wa wanyonge. "Mtumishi" ni la Biblia. "Mfanyakazi wa ndani" ni la semina. "Hausigeli" lingemfanya Madame mtu wa Sinza, Dar es Salaam. "Beki tatu" nililipendekeza mimi, tukacheka, tukalijaribu, na kipande chote kikageuka vichekesho. Nililifuta kesho yake kwa aibu. Kaka alileta "boyi", lakini hilo kwao ni la mwanamume.

Dada alikuwa kimya. Kisha akasema: "Kwetu si wanaitwa dada?"

Ndivyo. Dada wa kazi. Unamwita kwa jina la undugu, anakula jikoni. Na Madame Lemarchand ndicho anachokitaka, Hilda akae naye anywe kahawa, wawe marafiki, na asiondoke. Tumetumia "dada" kipande chote.

Tuliporekodi jaribio, msomaji wetu alisimama katikati. Akatuambia alikuwa dada wa watu Muscat miaka miwili, na mule ndani jina lake hakuna aliyelijua.

"Huyu mama afadhali, jina analijua," kaka akasema.

"Analijua, ndiyo. Ndilo alilolifuata."

Hatukurekodi zaidi siku ile. Wiki iliyofuata alikisoma kipande chote bila kupandisha wala kushusha sauti. Jaribio la kwanza alikuwa anaigiza, anamfanya Madame awe na sauti ya puani, hilo tumelitupa. Ni dakika sita sasa, na ndizo ninazojivunia.

13 Aprili: Goncourt

Makosa matatu, mfululizo.

La kwanza ni fedha. Rasimu ilisema alijinyakulia mamilioni. Goncourt, tuzo kubwa ya vitabu ya Ufaransa, inalipa yuro 10, kwa hundi. Stendi ya maiki tuliyonunua Jumanne ni yuro 18. Kinacholeta fedha ni mauzo ya kitabu baada ya jina kutangazwa pale mgahawa wa Drouant, na yeye lilitangazwa 2 Novemba 2009, kwa *Trois femmes puissantes*.

La pili, nilimwita mtu mweusi wa kwanza kuipata. Huyo ni René Maran, 1921. NDiaye ni mwanamke mweusi wa kwanza. Tayari alikuwa na tuzo nyingine ya vitabu, Femina ya 2001, kwa *Rosie Carpe*.

La tatu lilikuwa neno moja. 2007, baada ya Sarkozy kuchaguliwa kuwa rais, alihamia Berlin na mumewe, mwandishi Jean-Yves Cendrey, na watoto wao watatu, na hakuficha kwamba uchaguzi ule ulichangia. Maneno makali aliyoyasema kwenye jarida kuhusu Ufaransa ya wakati huo yalifukuliwa baada ya tuzo, na mbunge mmoja wa chama tawala akamwandikia waziri wa utamaduni akidai washindi wa Goncourt wana wajibu wa kujizuia. Ubishi ukawa mkubwa. Mimi niliandika "alikimbilia Berlin". Kaka akachukua kalamu.

"Mimi nilikimbia. Huyu alihama."

Limebadilishwa.

Jina la riwaya pia lilitutesa. "Wanawake Watatu Wenye Nguvu", dada akasema hao ni wapagazi wa bandarini. "Mashujaa" haifai, hawapewi nishani. Norah ni wakili wa Paris anayeitwa na baba yake Afrika. Fanta karibu hatumwoni kabisa, tunakaa kichwani mwa mumewe Rudy, muuza samani za jikoni huko Gironde. Khady Demba ni mjane asiye na mtoto, anafukuzwa na wakwe, anaingia njia ya wahamiaji na kufia kwenye uzio. Kila anapodhalilishwa hujikumbusha kwamba yeye ni Khady Demba. Tulipofika hapo ndipo neno likaja: "Wanawake Watatu Thabiti". Kama kuna anayelijua lililo bora atuandikie.

Na jambo dogo ninaloomba liachwe humu: baba yake Norah usiku hupanda kukaa kwenye mti ambao Wafaransa wanauita flamboyant, ule ambao Tanzania tunauita mkrismasi. Sikuweza kumpandisha mzee wa Senegal juu ya mkrismasi bila mtu kucheka. Tumesema "mti wa maua yanayowaka kama moto".

27 Aprili: Place Colette

Tulitaka sauti ya mahali, hatua za watu nje ya Comédie-Française. Tumekwenda mara mbili, watu wawili, nauli yuro 20 jumla. Mara ya kwanza upepo umejaza faili lote. Kinga ya upepo ya dukani ilikuwa ghali, tukavisha maiki soksi ya sufu ya mtoto wa kaka, inafanya kazi. Mara ya pili soksi ilikuwepo, lakini kadi ya kumbukumbu ilikuwa imejaa. Kadi mpya, yuro 12.90, tumeinunua palepale. Mtu mmoja alitukuta tumesimama kwenye lango la metro lenye shanga kubwa za rangi akauliza tunaomba nini. Kilichotumika mwishowe ni sekunde kumi na nne.

18 Mei: kurekodi

Siku mbili, chumbani kwa kaka, magodoro mawili yameegemezwa ukutani kuua mwangwi. Friji linavuma, tukalizima. Jioni tukaondoka, hakuna aliyeliwasha. Samaki wa yuro 14 akaoza, shemeji hakutusemesha mpaka Jumatano. Dawa: ukizima friji, funguo za mlango zikae ndani yake.

15 Juni: imesikilizwa

Imetoka dakika 43. Watu 31 walikuja. Gharama zote: vitabu 10.50, mabango 44, stendi 18, nauli 20, kadi 12.90, samaki 14, chakula cha siku yenyewe 61. Jumla yuro 180.40, tumezidisha 30.40, nimezilipa mimi kwa sababu ya zile wiki tatu za tafsiri.

Mzee mmoja wa Bujumbura alinyoosha mkono kabla hata sahani hazijatoka. "Shikamoo mzee," dada akamwambia, akimpa maiki. "Marahaba. Mimi naomba kujua, baba yake huyu binti alisemaje alipomwona amekuwa mkubwa?" Nikamweleza kwamba makala inamtaja baba mara moja tu, na kwa nini. Akatikisa kichwa. Akasema tumelifunga geti mapema. Wawili wengine wakamuunga mkono, kaka akawajibu, na chakula kikapoa.

Kosa la kweli liligunduliwa na binti wa miaka kama kumi na tisa: dakika ya 31 tunasema NDiaye "alitengeneza" filamu ya *Saint Omer*. Filamu ni ya Alice Diop, ya 2022, ilipata tuzo kuu ya majaji Venice. NDiaye ni mmoja wa walioandika mswada wake, kama alivyoandika *White Material* pamoja na Claire Denis. Tunarekodi upya sentensi hiyo dada akitoka likizo Mombasa. Faili mliyotumiwa kabla ya Julai ndiyo yenye kosa, msilisambaze.